Pini Namba Moja

Mimi ndiye fundi wa ukumbi namba tatu, Tunguu.
Udaktari sikusoma. Nimesoma waya.
Na waya ule, nakwambieni, una pini kumi na tano,
nyembamba kama sindano ya kushonea kofia,
na ya kwanza, iliyovunjika,
ndiyo inayobeba wekundu.

Daktari Salhina alichomeka kompyuta saa mbili asubuhi.
Wanafunzi mia na arubaini, viti tisini,
wengine wamekalia madirisha.
Moyo wa binadamu ukatokea ukutani
mweusi.
Ateri nyeusi, vena buluu,
na ile nyama ya waridi
imekuwa rangi ya bwawa la kuogelea la hoteli.
"Fikirieni," akasema, "kwamba hapa ni pekundu."
Wiki ya kwanza walifikiri.
Wiki ya tatu walinakili tu walichokiona.

Fomu nilijaza. Musitafute mwizi kwangu.
Waya wenyewe bei yake bakuli tano za urojo,
lakini fomu ina saini saba:
ya nne ilikuwa safarini Dodoma,
ya tano ilitaka bei za maduka matatu,
ya sita ikauliza ule wa zamani kauvuta nani.
Nikaandika barua ya kujieleza.
Barua nayo ikataka saini.

Asubuhi moja nikakuta ubaoni, kwa hati ya mkono wa kushoto:

Ukuta umeshatiwa, rangi hii samawati,
Nyekundu imeibiwa, nani aliye na hati?
Ofisini twaambiwa, isubirini kamati,
Mtihani wapangiwa, Jumatatu kwa wakati.

Sikuufuta. Bibi wa usafi naye aliuzunguka na kitambaa chake,
akafuta pembeni tu.

Alhamisi Daktari Salhina alipitia sokoni Mwanakwerekwe,
akaja na moyo wa ng'ombe ndani ya hotipoti la mwanawe la skuli,
lile lenye picha ya sungura.
Akaupasua kwa kisu cha jikoni.
Mstari wa mbele: "Aaa!"
Mstari wa kumi: "Nini? Kuna nini?"
Wa nyuma kabisa wakanyanyua simu juu
wakapiga picha za visogo.
Moyo ukapita mkono kwa mkono,
ukarudi mezani mkavu, umepungua kipande.
Hakuna aliyekiri.

Ilikuwa siku njema, siwezi kukana. Watu walipiga makofi.
Lakini somo la wiki iliyofuata
lilikuwa midomo ya mtoto mchanga anayekosa hewa,
na hiyo Mwanakwerekwe hawauzi.

Picha mbili ukutani, bega kwa bega.
Mtoto mgonjwa, buluu.
Mtoto mzima, buluu.
Mize, yule msichana wa Wingwi asiyesema ila ana haja,
akasimama: "Mwalimu, yupi mgonjwa?"
Nilikuwa mlangoni na bisibisi mkononi.
Nilimwona Daktari Salhina akiutazama ukuta
kama mtu aliyesahau jina la ndugu yake.
Akarudi kwenye karatasi zake, akafunua, akafunua tena.
"Wa kushoto," akasema.
Na kalamu mia na arubaini zikainama:
wa kushoto.

Waya ulikuja Julai, ndani ya boksi kubwa
linalotosha jozi ya viatu.
Wanafunzi walikwishaondoka, wametawanywa mahospitalini kwa mazoezi.
Niliuchomeka peke yangu, mlango nimeurudisha.
Ukuta ukawa mweupe. Nikafungua moyo:
mwekundu, jamani, mwekundu hata nikaona haya,
kama niliyefungua chumba cha mtu bila hodi.
Kisha nikawafungua wale watoto wawili.
Midomo ya mmoja ilikuwa waridi, amelala zake.
Ya mwenziwe ilikuwa kama iliyolamba wino.

Sasa Mize yuko kituo cha afya huko kwao.
Huenda usiku huu mama mmoja amembisha mlango,
amembeba mtoto mmoja tu,
hana wa kushoto, hana wa kulia.

Ningempigia.
Namba yake ya simu sina.